Mbuzi Yule wa Kwenye Runinga

Jumatano. Mwezi wa Mfungo Tatu, wenye Idd Kubwa, umeandama juzi. Hapa Kibiti kumekucha na manyunyu yale yasiyokata wala kuzidi, mkaa umelowa, na banda linavuja pale pale linapovuja kila mwaka.

Nimefunga leo. Tumefundishwa kwamba aliyefunga achunge ulimi wake. Basi nitaandika.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Mama Zuhura, na mume wangu Shomari ni mhunzi. Anafua visu kutokana na springi za malori yaliyochoka. Yeye anafua na kunoa, mimi nachonga mipini na kuifunga. Ndiyo kazi yetu tangu tuoane, na kabla yetu ilikuwa ya baba yake na mama yake. Tunatengeneza visu vya kuparia samaki, vya kuvunia mpunga, vya jikoni. Lakini jina letu limejengwa na kisu cha kuchinjia. Ikikaribia Idd Kubwa watu wanatoka mpaka visiwani huko kwenye delta, Maparoni na Mbwera, wanavuka maji hadi Nyamisati, wanamalizia na pikipiki kwenye tope, kufuata kisu cha Shomari.

Kisu cha kuchinjia kina masharti. Kiwe kikali kisiwe na pengo hata la kunasa unywele, ili mnyama asisikie. Na kina adabu ambayo hapa kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani anaijua: hakinolewi mbele ya mnyama. Unakwenda nyuma ya nyumba, unanoa huko, unarudi umekificha. Ukimnolea mbele ya macho yake umemchinja mara mbili, mara ya kwanza kwa hofu.

Hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Mwaka jana walikuja watu wa runinga kutoka Dar. Wana kipindi cha mashindano ya mafundi wa visu, jina silitaji, hawajanilipa tangazo. Mafundi wanafua kisu huku saa kubwa inahesabu ukutani, majaji wamevaa aproni za ngozi mpya kabisa, na kila wiki fundi mmoja anarudishwa kwao. Walikuwa wamesikia habari za Shomari. Tulifurahi, nisiwe mnafiki. Nilimpigia pasi mashati yote, hata lile la harusi ya mdogo wake.

Kwanza walikuja kupiga picha za nyumbani. Jambo la kwanza wakamwambia avue shati. Nani anafua chuma kifua wazi? Cheche zikiruka ziende wapi, kwa jirani? Shomari huvaa shati zito la kaki na juu yake kipande cha turubai nilichomshonea mimi. Wakasema hapana, fundi wa asili hafanani hivyo. Akavua. Makovu madogo madogo ya siku ile anayo mpaka leo.

Kisha wakaiona feni yetu ya kupulizia moto. Tunaizungusha kwa mkono, imetengenezwa kwa rimu ya baiskeli, na tunaipenda. Wakaitoa. Wakashusha kwenye gari mivukuto ya ngozi ya mbuzi waliyokuja nayo wenyewe, wakamwambia apulizie hiyo. Shomari hakuwahi kuishika maishani mwake. Ikabidi dereva wao amwonyeshe jinsi inavyokandamizwa, maana alikuwa ameiona kwa fundi wa mkoa mwingine. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao hawakucheka.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka wangu na vipande vya mpingo na mkongo, nachonga. Kijana mwenye kofia akaniomba kwa heshima zote nisogeze vitu vyangu, vinachafua picha. Baadaye akaniuliza kama naweza kupita nyuma kule na ndoo kichwani. Nikapita. Akaniomba tena. Siku ile nilibeba ndoo tupu mara nyingi kuliko nilivyowahi kubeba ndoo yenye maji. Kwenye kipindi chao mpini ulijiotea wenyewe: kabla ya matangazo kisu hakina mpini, matangazo yakiisha kinao.

Nimeangalia vipindi vyote, na nasema hivi kwa hasira lakini pia kwa haki. Hawajui kisu ni nini. Kwao kufua kisu ni vita. Ngoma inapigwa, moto unapanda, jasho linaonyeshwa taratibu tone kwa tone, majaji wanakunja uso. Kazi yenyewe sehemu kubwa ni kusubiri. Unasubiri chuma kiive, unasubiri rangi ibadilike, unakizamisha kwenye mafuta, unakilaza kwenye jivu la vuguvugu mpaka asubuhi, halafu unashika tupa na jiwe na kusugua mpaka macho yachoke. Shomari huzamisha visu vya kuchinjia kwenye mafuta ya nazi, kwa sababu anaona oili chafu ya gari haistahili kugusana na nyama ya watu. Kwenye mashindano walimimina dizeli kwenye ndoo ili mwali upande juu. Picha ilikuwa nzuri, siwezi kukataa.

Kisha kujaribu kisu. Wananing'iniza paja la ng'ombe, jaji anakuja mbio kama kaona mwizi, anapiga. Kisu cha kuchinjia hakipigwi, kinapitishwa. Shomari alijaribu kumweleza. Kwenye runinga maelezo yake hayakuwepo, palikuwepo uso wake tu, amefungua mdomo, na ngoma.

Wakampa jina. Chui wa Delta. Wakamtaka aangalie kamera aseme, "Kibiti hatuogopi damu." Akasema.

Hilo liliniuma kabla ya yote. Miaka ile mibaya ya mauaji haijapoa hapa kwetu. Kuna wajane mtaani kwangu ambao nawasalimia kila siku. Watu wa mbali wakisikia jina Kibiti bado wanarudisha kichwa nyuma kidogo, nimewaona kwenye stendi za Dar. Sasa mtu wetu asimame na kisu mbele ya nchi nzima aseme haogopi damu. Anamwambia nani? Nilimuuliza. Akasema ni maneno tu, wamemwandikia.

Siku ya kipindi kile mtaa mzima ulihamia kibanda umiza, kile cha kuangalizia runinga kwa kiingilio. Sisi wanawake hatuingii sana mle, ni mahali pa vijana na mpira, lakini siku ile tuliwekewa viti vya mbele. Shomari hakuja. Alisema kichwa kinamuuma. Cheche ziliporuka watu walipiga makofi, alipopita na kifua wazi walipiga miluzi, na mimi nilipotokea na ndoo yangu tupu walinizomea kwa furaha.

Halafu akaonekana amekaa kwenye kigoda, jiwe la kunolea gotini, anapitisha kisu. Picha ikaenda kwenye macho ya mbuzi. Ikarudi kwenye kisu. Ikaenda kwa mbuzi, analia, anavuta kamba. Ikarudi kwa Shomari, ananoa, hainui kichwa.

Makofi yakakatika. Mtu nyuma akasema, "Astaghfirullah." Wa Dar sidhani hata mmoja alishtuka. Kwao ilikuwa picha ya mbuzi na mtu na kisu. Kwetu ilikuwa kama kumwona mtu unayemjua anavua nguo sokoni.

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimkuta amekaa barazani gizani. Kabla hajasema kitu nikasema mimi: "Wamekata, wamebandika, sivyo? Mbuzi walimpiga picha siku nyingine." Kisha akasema, "Runinga hizi."

Nikalichukua hilo kama jibu.

Wiki iliyofuata walimtoa kwenye mashindano. Hakulia, hakulaumu mtu. Alirudi akaweka feni yake ya rimu mahali pake, akawasha moto. Lakini wateja hawakuja. Wa kwanza kukata mguu alikuwa Maalim Bakari, mwenye bucha karibu na soko, ambaye pia ndiye mchinjaji wa msikiti. Huyu ni mteja tuliyemrithi, kisu chake cha kwanza kilifuliwa na marehemu baba mkwe. Alikileta kisu cha Shomari kimefungwa kitambaa, akakiweka mezani polepole. "Nyama haiharamiki, Mama Zuhura," akaniambia. "Sisemi hivyo. Ila moyo wangu haukitaki tena." Baada yake wakafuata wengine. Watu wa Dimani, ambao kila mwaka walikuwa wanaagiza, wakasema mwaka huu wana visu vya dukani vinawatosha.

Wanaonijua wanajua mdomo wangu. Sikuweza kukaa. Mwezi uliopita nilikwenda kwa Maalim mbele ya watu waliokuwa wanasubiri nyama, nikaapa. Wallahi, billahi, tallahi, mbuzi yule hakuwapo mume wangu aliponoa. Wamekata, wamebandika. Nilimsimulia hata mambo ya ndoo na mivukuto ili aone wanavyodanganya. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho. Akakichukua kisu, nilikuwa nimekwenda nacho. Na Ijumaa, baada ya swala, alisimama akawaambia watu kwamba ile picha ni ya kutengenezwa, kwamba mke wa Shomari ameapa, na kwamba dhana mbaya ni dhambi.

Watu wakarudi. Siku chache tu, na moto wetu ukawa hauzimiki. Nilikuwa nafunga mipini huku naimba. Nilijiona mke wa maana sana.

Sasa leo.

Asubuhi alikuja mama mmoja wa Mbwera, Bi Tatu. Ni mtu mzima, amenizidi mbali, anasafiri na kikapu na mwavuli wenye mbavu iliyovunjika. Alitumwa visu vya kuchinjia vya kaka zake na vya msikiti wa kwao. Akavichagua vikiwa bado havina mipini, kimoja kimoja, anapitisha ukucha kwenye makali. Anajua anachokitafuta. Kisha akaviweka chini, akaniangalia machoni.

"Mwanangu, siye huko maneno yanavuka maji kabla ya mashua," akasema. "Nimesikia habari ya mbuzi. Nimesikia pia umeapa. Miye nataka nisikie kwako."

Nikaapa. Sikusita hata kidogo. Shomari alikuwa hapo hapo, amegeukia moto. Bi Tatu akatikisa kichwa, akasema basi, nifunge mipini ya mpingo, atapita kuvichukua kabla ya magharibi, alale kwa jamaa zake, kesho asubuhi ateremke Nyamisati kuwahi maji.

Mwavuli wake ulipopotea kwenye kona, Shomari akaweka nyundo chini.

"Mama Zuhura, usiape tena."

Nilidhani anaona haya, ndivyo alivyo, hapendi kusemwa hata kwa mema. Nikamtania. Nikamwambia Chui wa Delta anaogopa mdomo wa mkewe. Hakucheka. Akakaa juu ya gogo la fuawe, pale anapogongea chuma, akaanza kuniambia, na muda wote alikuwa anayasugua masizi kwenye kiganja kana kwamba yatatoka.

Mbuzi alikuwapo.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi huko Dar, kwenye mashindano. Mwanzo alikataa. Alikwenda na jiwe lake nyuma ya gari kama inavyotakiwa. Mwongozaji akamfuata akamwambia nyuma ya gari hakuna mwanga. Shomari akamweleza kwamba kwetu haifanywi hivyo. Yule akasema anaheshimu sana mila, ila ni kunoa tu, hakuna anayemgusa mbuzi. Kisha dada mmoja mwenye makaratasi akaja akamwambia taratibu kwamba kuna fundi mwingine amevaa tayari, na kama yeye hawezi, hakuna ubaya, gari ya kumrudisha Kibiti ipo.

Akatoka nyuma ya gari.

Alinoa. Mbuzi hakufanya kitu, alikuwa anatafuna. Wakasema haijatoka vizuri. Wakamsogeza mbuzi karibu. Akanoa tena. Safari hii mbuzi alilia na kuvuta kamba, na mwongozaji akafurahi, akasema hiyo, hiyo, mara nyingine tena. Akanoa tena. Na tena. Aliniambia hajui ilikuwa mara ngapi. Anachokumbuka ni kwamba mbuzi alilia mpaka akaacha kulia. Akasimama tu anamwangalia. Ndipo wakasema imetosha.

Kisha akamchinja. Alisoma bismillahi, akamwelekeza kibla, alifanya yote, lakini alikuwa ameangalia pembeni, na kisu alichokifua mwenyewe kikamchelewesha mnyama.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha niape. Nilipiga kelele, majirani watakuwa wamesikia. Akasema neno moja tu ambalo limenikaa hapa kifuani mpaka sasa: "Weye ndiye uliyesema wamebandika. Miye sikusema."

Kweli hakusema. Nilimkatia uongo mimi, nikamshonea, yeye akauvaa kwa sababu ulimtosha.

Nimekaa na hasira za aina nyingi lakini hii ni mpya. Nina hasira na wale watu wa kamera, hiyo ni rahisi. Walitaka hofu ya mnyama kwa sababu hofu inaonekana kwenye kioo, na adabu haionekani. Mtu anayekwenda nyuma ya nyumba kunoa hana picha. Lakini Shomari hakufungwa kamba. Gari ya kurudi ilikuwepo. Angepanda angefika nyumbani kabla ya swala ya Ijumaa, bila makofi ya kibanda umiza, na kisu chake kingekuwa kisu.

Na bado namhurumia. Ndiyo, nimeandika. Nilimwona akisugua kiganja na nikamhurumia, na huruma hiyo nayo ikanitia hasira.

Baada ya alasiri nilijifunga mtandio nikaenda kwa Maalim Bakari. Nilisubiri wateja waondoke. Nikamwambia yote. Nilisema kwamba kiapo changu sikukijua kuwa cha uongo, lakini sasa nakijua, na nimekuja kukirudisha.

Aliendelea kufuta meza. Alifuta mahali palipokuwa pasafi.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mimi na Baba Zuhura.

"Basi liishie hapo."

Nikamwambia, Maalim, nimeapa kwa jina la Mungu. Akasema aliyeapa bila kujua Mungu anamjua. Nikamwambia, watu wananunua kwa kiapo hicho. Hapo akainua macho, na sikuona ukali, niliona mtu aliyechoka. "Na miye nilisimama msikitini kwa neno lako. Nisimame tena niwaambie nini? Kwamba Maalim huwa anasimama kwa neno la kuambiwa? Idd ni hiyo inaingia. Nenda kafunge mipini, mama."

Nikaaga. Akaingia mtu kutaka nyama ya mchuzi. Nilikuwa mlangoni navaa viatu vyangu nikageuka, sijui kwa nini nikageuka. Maalim alikishika kisu cha Shomari, kile alichokirudisha kwake baada ya kiapo changu, akakiangalia. Akakipandisha juu kabatini. Akafungua droo akachukua kingine, cha dukani, cha mpini wa plastiki, akakata nyama.

Nimeona.

Yaani yeye moyo wake haukitaki, ila Mbwera nzima ikinunue. Njiani nilikuwa nazungumza peke yangu kama mwehu, kwenye manyunyu, na tope limeingia mpaka kwenye vidole.

Nilipofika Shomari alikuwa amevipanga visu vya Bi Tatu kwenye mkeka wangu, vimeng'aa, vizuri kweli. Mungu anisamehe, ni visu vizuri. Kila kimoja msuka wake uko nje, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Vipande vya mpingo alikuwa ameniandalia pembeni, na gundi ameipasha. Akaniuliza Maalim amesemaje. Nikamwambia. Nikaona mabega yake yanashuka, amepumua.

Nikakaa kwenye mkeka. Sikushika kitu.

Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nikamwambia visu hivi sitavifunga mipini mpaka Bi Tatu aje, na akija wewe ndiye utakayemwambia habari ya mbuzi, kwa mdomo wako. Akishasikia, akivitaka bado, nitavifunga mbele yake na nitamuombea dua. Asipovitaka, basi.

Alinibembeleza. Akasema Mbwera ikijua, Maparoni itajua, na mpaka kufikia Ijumaa hakutakuwa na kisu kinachotoka bandani. Akasema baba yake na mama yake wametumia umri wao wote kulijenga hili jina. Nikamwambia, ndiyo maana. Akasema wewe hujui ilivyo ukiwa mbele ya wale watu na zile taa. Ni kweli, sijui. Mimi nilipita na ndoo tu.

Angeweza kuvifunga mwenyewe. Si vizuri kama mimi, lakini angeweza. Hakugusa.

Bi Tatu alikuja mvua imekata, jua limebakia kidogo. Akavua viatu, akaketi, akaona visu havina mipini. Akaniangalia, kisha akamwangalia Shomari, maana mimi nilikuwa namwangalia Shomari.

Akamwambia. Nilidhani atapunguza, atasema walimlazimisha, hakukuwa na njia. Hakupunguza. Alisema alitoka nyuma ya gari kwa miguu yake. Alisema mkewe aliapa bila kujua. Aliangalia chini muda wote.

Bi Tatu alisikiliza huku ameshika mwavuli wake magotini. Alipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Mbuzi alilia?"

"Alilia."

"Ukaendelea?"

"Nikaendelea."

Yule mama akafuta macho kwa ncha ya kanga. Hakutukana, hakulaani. Kwa kweli ningependa angetukana. Alinyanyuka, akavaa viatu vyake, akaniambia mimi, "Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu," na kwa Shomari akasema tu, "Kwaheri, fundi." Akaondoka na kikapu kitupu.

Neno lile fundi. Amelisema kwa heshima kabisa, kama mtu anavyomtaja marehemu.

Adhana ikaingia. Nimefungua kwa maji na tende. Shomari hakula. Alizima moto kwa kumwagia maji, jambo ambalo hajawahi kulifanya, siku zote huuacha ufe wenyewe. Kisha akachukua udhu, akaenda msikitini. Leo ni yule yule Maalim anayeswalisha. Nimemwangalia akivuka barabara, amejikunja kidogo. Nilitaka kumwita nimpe koti, nikarudi kwenye mkeka.

Asubuhi nilikuwa na mume ninayemtetea na kiapo nisichokijua. Sasa hivi kiapo nimekirudisha, kwa Maalim na kwa Bi Tatu, na nilidhani nitajisikia mwepesi. Nimekaa hapa kwenye mkeka na visu visivyo na mipini, natega sikio, namsubiri arudi.

Akirudi nitamwambia nini?